Nafasi Nne Mwanzoni mwa Aya

Mlalo, 14 Januari 2024

Mpwa wangu Elinuru,

Marahaba. Najua ungekuwa hapa ungekuwa umeshaniamkia, kwa hiyo naitikia kabisa tusipoteze muda. Sisi huku hatujambo. Plamu zimekwisha, pea ndiyo zinaanza, na barabara ya Soni inapitika ingawa mawe yalianguka tena wiki ya Krismasi. Mama yako mguu bado unamsumbua, lakini Jumapili alifika kanisani mwenyewe. Tulimwitia bodaboda akakataa, akasema bodaboda ni za wagonjwa. Mkaza mjomba wako Secilia anakusalimu sana. Anauliza kama Alen mumeo amezoea samaki wa huko Mwanza au bado anadai maharage.

Sasa nije kwenye neno lenyewe. Mwaka jana uliniomba niandike mwongozo wa Kiswahili wa programu yenu ya Kitalu. Ulinieleza kwamba inatengenezwa na watu wa nchi nyingi kwa kujitolea, kwamba mtu yeyote anaweza kuichukua bure, akaifungua ndani na kuirekebisha, na kwamba wewe ndiye msimamizi wa maelezo yake. Nilikubali upesi. Kwanza, wewe ni mtoto wa dada yangu. Pili, kikundi cha akina mama cha Rahabu hapa Mlalo wanaitumia kompyutani kutunza kumbukumbu za miche yao ya mikulo, ile miti ya mbao ya misitu yetu, na wanaitumia kwa kubahatisha, maana maelezo yote ni ya Kiingereza. Unaujua mkulo ulivyo na kiburi. Mbegu mia utapata miche michache, na mti mmoja mbegu zake zinaota, wa jirani yake zinaoza zote. Rahabu na wenzake wameandika humo kila mbegu iliokotwa chini ya mti gani, msitu gani, na iliota au haikuota. Wamesikia toleo jipya linatoka kabla ya Juni, na wameapa hawaligusi mpaka wapate maelezo ya lugha wanayoielewa. Wananisubiri mimi.

Basi nimeandika. Sura zote zimekwisha. Nimechapa katika ofisi ya usharika, kwenye kompyuta ya Shukrani, katibu wetu, na yeye ndiye aliyenisaidia kuzipeleka kwenye huo mlango wenu wa michango. Mashine ikatujibu kabla Shukrani hajamaliza kukaa vizuri kwenye kiti. Alama nyekundu ya mkasi kila sura. Nikamuuliza inasemaje, akasema, "Mzee, inasema umeshindwa."

Elinuru, mimi nimepanga herufi na kusahihisha vitabu katika kiwanda cha uchapaji cha misheni tangu sijaota ndevu hadi nastaafu. Nimewahi kufokewa na wachungaji, na askofu mmoja alinirudishia kitabu cha nyimbo kizima. Sijawahi kuambiwa nimeshindwa na kitu kisicho na mdomo. Niambie kosa ni nini, nami nitasahihisha.

Barua hii naituma kwa posta kama kawaida yetu tangu ukiwa shule ya bweni. Mambo ya kazi yaende kwa kompyuta, lakini ndugu ni wa karatasi.

Mjomba wako,
Mathayo


Mwanza, 25 Februari 2024

Mjomba, shikamoo.

Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa ofisini kwa Alen, nami nilikuwa na mambo mengi. Sisi hatujambo. Mtoto ameanza darasa la kwanza na anamsahihisha baba yake Kiswahili. Alen bado anadai maharage. Mwambie mama nitamtumia ile dawa ya kuchua kwa basi la Arusha, na nitamtafutia mtu wa kuipokea.

Kuhusu mwongozo, asante sana, Mjomba. Naona umefanya kazi kubwa. Ngoja nikueleze tatizo. Zamani kila mchangiaji alituletea maelezo kwa namna yake: mwingine Word, mwingine picha za karatasi, mwingine faili ambalo hata kulifungua ni kazi. Tulikuwa tunapoteza muda mwingi kuyalinganisha. Mwaka jana tukaamua muundo mmoja. Kila kitu sasa ni maandishi matupu yenye alama ndogo ndogo: alama ya reli ikikaa mbele ya mstari, mstari huo unakuwa kichwa cha habari, nyota mbili zikizunguka neno, linakolezwa. Kutoka hapo mashine yenyewe inatengeneza kurasa za mtandaoni, za simu na za kuchapa. Mtu akikosea alama, mashine ya ukaguzi inamrudishia kazi.

Wewe kosa lako ni moja tu, ila umelirudia kitabu kizima. Kila aya umeianza kwa kuacha nafasi nne. Katika muundo wetu, mstari unaoanza na nafasi nne maana yake ni kwamba hayo si maneno ya kusomwa, ni amri za kompyuta zinazotakiwa kuonyeshwa zilivyo. Kwa hiyo mwongozo wako wote umetokea ndani ya visanduku vya kijivu, kwa herufi za mashine, na mistari imetoka nje ya ukurasa.

Ondoa tu hizo nafasi, kisha upeleke tena. Kwa sasa mchango wako nimeufunga, ndiyo taratibu. Najua utasema ningeweza kuziondoa mimi mwenyewe. Ningeweza. Lakini sheria yetu ni kwamba kila mchangiaji anasahihisha kazi yake, na mimi ndiye niliyeipendekeza. Wenzangu wakiona namsafishia kazi mjomba wangu huku nawafungia wengine, nitawaambia nini?

Msalimie mkaza mjomba na Mama.

Mpwa wako,
Elinuru


Mlalo, 24 Machi 2024

Elinuru, mpwa wangu,

Marahaba. Dawa imefika. Mama yako anajichua asubuhi na jioni na nyumba nzima inanuka kama duka la dawa. Mvua zimeanza vizuri. Kabichi za Secilia zimeliwa na viwavi, sasa ananiangalia mimi kama ndiye kiwavi. Mchungaji amehamishwa, tumeletewa kijana anayehubiri kwa kutembea. Tunageuza shingo kumfuata.

Nimesoma maelezo yako kwa makini, na nimeelewa. Tatizo ni kuelewa na kukubali.

Siku ya kwanza kiwandani, fundi wangu Stephano alinipa kipande cha madini ya risasi kisicho na herufi. Akaniambia, "Hiki hakichapi chochote, na ndicho utakachokitumia zaidi ya vyote." Ndicho kilichokaa mwanzo wa kila aya. Alisema aya isiyo na nafasi mwanzoni ni sawa na mgeni anayeingia ndani bila kupiga hodi. Msomaji anatakiwa apumue, ajue jambo moja limekwisha na jingine linaanza. Nimefanya hivyo maisha yangu yote, na vidole vyangu vinafanya hivyo bila kuniuliza. Leo mpwa wangu ananiambia kwamba nikipiga hodi, mashine inadhani mimi ni amri.

Hata hivyo nilijaribu. Nilikwenda kwa Shukrani nikaziondoa katika sura mbili. Nikasoma. Maneno yote yameshikana kama watu kwenye mlango wa zahanati. Nikazirudisha. Huo ni ubishi, nakubali, na Secilia amenisema. Kesho yake nikatubu, nikarudi kuziondoa tena. Hapo sasa skrini ya Shukrani ikanisumbua, ina mwanga mkali unaonitoa machozi. Mimi naona nafasi zimeondoka, Shukrani anasema zipo. Naona zipo, anasema zimeondoka. Naye ana kazi za usharika, vyeti vya ubatizo na matangazo, siwezi kumshika siku nzima. Mwishowe nimepeleka jinsi ilivyo. Mashine imekataa tena, kama ulivyotarajia.

Nakuomba kitu kimoja tu. Kwenye ukurasa wa kwanza kabisa nimeandika tahadhari, kwamba mtu asiweke toleo jipya kabla hajanakili kumbukumbu zake zote kwenye flashi. Nimeitoa kwenye maelezo yenu ya Kiingereza, ilikuwa imefichwa kwenye kisanduku pembeni, nikaipandisha mbele. Hata kama mwongozo wangu mtautupa, tahadhari hiyo isitupwe. Rahabu jana kanikuta sokoni. Kanisalimu kwa Kisambaa chetu, kisha kaniuliza, "Onga mshi, Mzee Mathayo, kitabu kimetoka?" Nikamwambia kipo mlangoni.

Kipo mlangoni, Elinuru. Kifungulie.

Mjomba wako,
Mathayo


Mwanza, 9 Juni 2024

Mjomba, shikamoo. Shikamoo na kwa mkaza mjomba, na kwa Mama.

Habari za siku nyingi? Sisi tunaendelea vizuri. Mtoto alipata tetekuwanga, akapona, akamwambukiza Alen ambaye hakuwahi kuugua utotoni. Nilikuwa na wagonjwa wawili, na mkubwa ndiye aliyelia zaidi. Ziwa limejaa mpaka baadhi ya njia za kule chini zimefungwa. Nimeona picha za Mama alizotuma Shukrani. Amependeza na kitenge kile, mguu unaonekana umepungua uvimbe. Namshukuru Mungu. Naomba muendelee kumzuia asipande ule mlima wa kwenda shamba la juu, ingawa najua hazuiliki. Nimemwekea na sweta mbili, moja ni yako, Julai ya huko naikumbuka.

Toleo jipya limetoka tarehe ishirini na nane Mei, na lina mwongozo wa Kiswahili. Si wako, Mjomba. Kuna mchangiaji mwingine, simfahamu, aliyepitisha maelezo ya Kiingereza kwenye mashine ya kutafsiri. Yalikuwa kwenye muundo sahihi, yakapita ukaguzi wote asubuhi moja. Siku zilikuwa zimebaki chache, na tulikuwa tumeahidi Kiswahili. Mimi ndiye niliyeyaidhinisha.

Wako naweza kuufungua wakati wowote, na ukiona sentensi mbaya kwenye huo uliotoka unaweza kutuletea masahihisho, moja moja. Tunayapokea kwa furaha kutoka kwa mtu yeyote.

Nitaandika zaidi nikitulia.

Mpwa wako,
Elinuru


Mlalo, 28 Julai 2024

Elinuru,

Marahaba. Usishtuke kwa mwandiko. Anaandika Shukrani, mimi nasema tu. Mkono umechoka.

Huku ni baridi. Sweta imefika, naivaa ndani na nje. Mama yako yuko vizuri. Amepanda ule mlima wa shamba la juu, kama ulivyojua. Secilia amepanda karoti badala ya kabichi. Hatujambo.

Rahabu na wenzake waliona mwongozo wa Kiswahili umetoka, wakafurahi, wakadhani ni wangu. Mimi sikuwepo, nilikuwa Korogwe kwa siku kadhaa kwa shughuli zangu. Wakakaa ofisini na kijitabu chenu walichokichapa, wakakifuata mstari kwa mstari. Walicheka kidogo, kwa sababu kila mlipotaka kusema kitalu kijitabu kinasema shule ya chekechea, maana Kiingereza huviita vyote viwili nursery, na Rahabu akauliza miche yake inaanza darasa la kwanza lini. Lakini waliendelea, maana wanakuamini wewe. Wanajua ndiye unayesimamia.

Hakikuwa na tahadhari. Nimemwagiza Shukrani akitafute chote, mbele na nyuma, na hakuna. Walipomaliza hatua ya mwisho, programu ilifunguka mpya kabisa, inang'aa, haina kitu ndani. Miaka mitatu ya mbegu imekwenda. Mti gani unaotesha, mti gani unaozesha, hakuna. Fundi wa kompyuta kutoka Lushoto amekuja akatikisa kichwa.

Rahabu hakulia. Amewakusanya wenzake wanajaribu kukumbuka. Mmoja anasema ule mti mzuri ni wa karibu na kijito, mwingine anasema hapana, ni wa juu ya jiwe. Wamebishana mpaka wawili hawasemezani. Msimu wa kuokota hauwangoji.

Alitaka nikupigie simu siku ile ile. Nikasema hapana. Ningepiga simu ningesema maneno, na maneno ya simu hayasahihishwi.

Mathayo


Mwanza, 11 Agosti 2024

Mjomba wangu, shikamoo.

Nimekupigia, hukupokea. Nimempigia Secilia akasema umelala, na ilikuwa saa nne asubuhi. Nimeelewa. Kwa hiyo naandika, na sitaanza na habari za nyumbani kwangu kwa sababu hazina maana leo.

Nimefuatilia. Tahadhari ilikuwa kwenye maelezo ya Kiingereza, ndani ya kile kisanduku ulichokiona wewe. Visanduku vile tunaviandika kwa alama za pekee, na mashine ya kutafsiri ilidhani ni alama tupu, ikaviruka vyote. Mkaguzi wetu wa muundo haangalii kama kitu kimepungua, anaangalia kama kilichopo kimekaa sawa. Kilikaa sawa. Kila kitu kilikuwa kijani.

Lakini mashine haina mjomba huko Mlalo. Mimi ninaye. Mimi Kiswahili nakijua, Mjomba, wewe ndiye uliyenifundisha kusoma kwenye karatasi zilizoharibika kiwandani. Ningesoma ukurasa mmoja tu wa ule mwongozo ningeona neno chekechea na ningesimama. Sikusoma. Niliangalia alama, nikaona zimekaa, nikaidhinisha. Na barua yako ya Machi ilikuwa mezani kwangu, yenye tahadhari ile ile umeniandikia kwa mkono wako, ukaniomba isitupwe. Niliisoma siku ilipofika, nikaiweka chini ya vitabu vya mtoto nikisema nitaishughulikia. Ilipofika Mei nilikuwa nimesahau. Ndiyo maana barua yangu ya Juni ilikuwa ndefu kwenye tetekuwanga na fupi kwenye kazi.

Juzi nimeufungua mchango wako. Nimeziondoa nafasi zote. Unataka kujua ilinichukua muda gani? Kuna amri moja ya kuziondoa kwa pamoja. Maji ya chai niliyokuwa nimeyaweka jikoni hayakuwa yamechemka. Halafu nikakaa nikausoma wote, mara ya kwanza tangu Januari, na chai ikapoa. Pale unapoeleza namna ya kuandika mti mama, ukasema mtu aandike na nani aliyekuwa naye siku ile ya kuokota, "maana kumbukumbu ya wawili hukaa kuliko ya mmoja," sijaona jambo hilo kwenye maelezo ya lugha yoyote. Nimeuweka badala ya ule mwingine. Unasomeka sasa duniani kote, na jina lako liko juu.

Najua umechelewa. Kwa Rahabu sina la kusema linalorudisha mti hata mmoja. Nimemwandikia barua yake mbali, iko humu ndani, naomba umpe. Nitakuja Desemba, nitakwenda nao msituni wakinikubali.

Halafu Mjomba, ule mwandiko. Shukrani aliandika mkono umechoka, lakini mkono wako haujawahi kuchoka. Korogwe ulikwenda kufanya nini?

Nisamehe.

Elinuru


Mlalo, 6 Oktoba 2024

Mpwa wangu Elinuru,

Marahaba, marahaba. Shukrani ndiye mkono wangu tena, na ameniahidi hataongeza wala kupunguza.

Mama yako anakusalimu. Mguu umekubali. Vuli zimeanza kunyesha mapema, na Secilia amevuna karoti mpaka tumezichoka. Barua ya Rahabu nimempa. Ameisoma amesimama, akaikunja, akaiweka kifuani. Wale wawili wanasemezana sasa. Wamekwenda msituni na rangi, wanaanza upya kutia alama kwenye miti. Ukija Desemba utafuatana nao, amesema uje na viatu vya maana.

Korogwe nilikwenda kwa daktari wa macho. Jicho la kulia limekwisha. La kushoto linaona mtu, halioni uso. Lilianza mwaka juzi, na wakati naandika mwongozo wako nilikuwa nachapa kwa kukumbuka herufi zilipo. Sikukuambia kwa sababu ungenionea huruma, ukaipokea kazi kwa huruma. Nilitaka uipokee kwa sababu ni nzuri. Sasa naona nilikosea. Kama ningesema, ungeziondoa zile nafasi, na Rahabu angekuwa na miti yake. Kwa hiyo usilibebe peke yako. Tuligawana.

Shukrani amenisomea mwongozo wangu kwenye simu, kurasa zote. Anasoma vizuri, ila anaunganisha aya mbili kana kwamba ni moja, kwa sababu hakuna pa kupumulia. Nilikuwa namwambia, "Hapa pumua." Tumeelewana.

Kazi nyingine usinipe. Mimi nimefika mwisho wa uchapaji, na sisikitiki sana, nimepanga herufi nyingi. Nimekusamehe tangu barua ilipofunguliwa, kabla haijafika hata katikati.

Lakini kuna jambo linanikosesha raha. Shukrani amepita kwenye huo mlango wenu akaniambia michango iliyofungwa ni mingi, kurasa na kurasa, na mingi imeandikwa na watu walioleta mara moja tu hawakurudi. Mimi nilipofungiwa nilijua anwani yako. Nilikuandikia nikakusumbua mpaka ukafungua. Hao wengine, Elinuru, wanamwandikia nani?

Mjomba wako,
Mathayo


Mwanza, 17 Novemba 2024

Mjomba, shikamoo. Shukrani, na wewe nakusalimu, msomee polepole.

Sisi wazima. Nimekata tiketi, nitafika Lushoto tarehe ishirini Desemba na mtoto, Alen atafuata. Kuhusu jicho sisemi kitu kwa barua. Nitasema nikikaa karibu yako.

Swali lako nimelijibu kwa kazi. Nimemwandikia kila mtu niliyemfungia kwa sababu ya muundo. Ile sheria nimewaomba wenzangu tuiondoe, na wamekubali bila ubishi. Mmoja aliniambia alidhani mimi ndiye niliyekuwa naihitaji. Sasa mtu akileta maneno mazuri kwa muundo mbaya, muundo ni kazi yetu.

Wengi hawajajibu. Anwani za wengine hazifanyi kazi tena. Mmoja amejibu kwa hasira, na ana haki. Waliokubali kurudi ni wachache sana, wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Kati ya majibu kuna moja la kijana anaitwa Paskali, anafanya kazi kwenye shamba la chai huko Bulwa. Mwaka jana alituletea sura moja ya Kiswahili kuhusu kupanga miche kwenye vichanja. Nimeisoma sasa, ni safi kabisa. Ilikuwa imekosa alama za reli kwenye vichwa vya habari, basi. Nilimfungia kwa mstari mmoja wa Kiingereza, sikumweleza kosa. Nikamwandikia kuomba radhi na kumwambia kazi yake tunaihitaji. Amenijibu hivi: "Asante dada kwa kunikumbuka. Mimi nilishaacha hayo mambo. Mlipoifunga nilijua Kiswahili changu ni kibaya, nikaona aibu, nikafuta na kilichobaki."

Alikuwa ameandika sura tisa, Mjomba. Niliyoikuta mimi ni hiyo moja tu.

Nimekuwa nikilisoma jibu hilo kila siku, na kila nikilisoma nakufikiria wewe, ofisini kwa Shukrani, na zile alama nyekundu usizoweza kuziona vizuri. Uliniandikia kuhusu viwavi, na mchungaji anayetembea, na fundi Stephano, ukanichekesha. Hukuniambia uliwaza nini ulipotoka pale ofisini ukapanda kilima kwenda nyumbani.

Na wewe ulidhani kazi yako ni mbaya?

Mpwa wako,
Elinuru